Baba, mkombozi, mgeni: Sura tatu zinazotuziba kinywa mbele ya sanduku la kura

Katika siasa ya inchi yetu, swali la kwanza si « Huyu amefanya nini? ». Swali la kwanza ni « Huyu ni nani? ». Ni baba? Ni askari? Ni mtoto wetu? Ni mtu wa wageni? Mwanasiasa anayefaulu kujibu swali hilo kabla ya wapinzani wake kumjibia amekwisha kupata nusu ya ushindi, hata kama hakuna mtu aliyesoma programu yake.

Wengine wanasema huo ni ujinga wa raia. Sikubali. Mama anayeuza sombe katika soko la Kadutu au la Virunga hana njia ya kuona bajeti ya serikali. Mkulima wa Masisi hajawahi kuonyeshwa mkataba wa madini. Mtu asiyepewa hesabu anaangalia uso, anasikiliza sauti, anajiuliza kama anaweza kumwachia huyu mtu ufunguo wa nyumba yake. Hiyo ni busara ya kawaida, na kila mmoja wetu anaitumia anapotafuta fundi au mkwe.

Shida iko fasi nyingine. Kila sura ambayo mwanasiasa anajivika, au anayomvika mpinzani wake, inakuja pamoja na swali moja ambalo inakataza. Ukiikubali sura, umekubali pia kutouliza swali lile. Historia yetu tangu 1960 imeonyesha jambo hilo mara nyingi, na sisi wa Mashariki tumelilipia bei kubwa.

Baba haulizwi makuta yameenda wapi

Mobutu alijua kazi ya sura kuliko kiongozi mwingine yeyote wa Kongo. Alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965 akiwa mwanajeshi. Baada ya kuunda chama cha MPR mwaka wa 1967, akaanza kujichora upya: kofia ya ngozi ya chui, fimbo mkononi, abacost badala ya koti na tai, na mwaka wa 1972 jina jipya la Mobutu Sese Seko. Kwenye televizio ya taifa, kabla ya habari, uso wake ulikuwa unashuka kutoka katikati ya mawingu. Watu waliimba na kucheza kwa heshima yake. Aliitwa Baba wa Taifa.

Vitu hivyo vyote vilikuwa na maana. Kwa makabila mengi ya Kongo, ngozi ya chui ni ya chifu, na chifu hachaguliwi kila miaka mitano. Raia alipoona kofia ile alielewa, bila hotuba yoyote, kwamba huyu si mtu wa kubadilishwa kwa kura. Neno « baba » lilimaliza kazi. Katika nyumba nyingi za kwetu, mtoto hamulizi baba mshahara umeenda wapi. Anangoja kupewa, na akipewa anashukuru.

Sasa tuangalie makuta yenyewe, maana uso wa Baba ulikuwa umechapwa juu yake. Zaire ilipoanza kutumika mwaka wa 1967, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Miaka ilipita, na Mobutu aliendelea kututazama kutoka kwenye noti na kofia yake ya chui, huku sifuri zikiongezeka. Mwishoni mwa 1992 ikatolewa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakaikataa. Wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakakuta hawawezi kununua nayo kitu, na mwezi wa Januari 1993 Kinshasa ikaporwa. Mwaka huo huo, ili kupata zaire mpya 1, ulipaswa kutoa zaire za zamani milioni 3. Ushahidi wa hasara ulikuwa katika mfuko wa kila mtu, umechapwa na uso wa mwenye kuwajibika. Lakini kwa miaka mingi sura ya baba ilikuwa imezuia swali la makuta kuulizwa kwa sauti.

Hata siku alipotangaza mwisho wa chama kimoja, tarehe 24 Aprili 1990 huko N'Sele, Mobutu alitoa machozi mbele ya kamera. Muulize leo mtu mzima anakumbuka nini juu ya siku ile: atakuambia machozi.

Abacost imetoka, lakini desturi ile imebaki. Kila kampeni tunaona magari ya « papa » fulani yakileta vikwembe vyenye picha yake, fulana na chumvi. Mtu aliyepokea chumvi mkononi mwa papa anaona haya kumuuliza kwa nini barabara ya kwenda shambani haijapita gari tangu mvua ya mwaka juzi. Ndiyo maana chumvi inaletwa.

Mkombozi haulizwi nani alikufa njiani

Sura ya pili tunaijua sana sisi wa Kivu na Ituri. Mwaka wa 1996 ilikuja AFDL na neno « ukombozi » ndani ya jina lake. Tarehe 17 Mei 1997 ikaingia Kinshasa, na Laurent-Désiré Kabila, ambaye watu wamezoea kumwita Mzee, akawa raisi. Mwaka wa 1998 ikaja RCD, na ndani ya jina lake kulikuwa na neno « demokrasia ». Baadaye ikaja CNDP, na ndani ya jina lake « ulinzi wa raia ». Kisha M23, kisha AFC. Majina yanabadilika, lakini sura ni moja: kijana mwenye bunduki anayesema amekuja kutuokoa.

Sura ya mkombozi inakataza maswali yanayoumiza zaidi. Ni watu wangapi walikufa njiani? Ni nani anayelipia silaha? Na siku tukichoka nawe, tutakuondoa kwa njia gani? Umoja wa Mataifa ulitangaza Ripoti Mapping mwezi wa Oktoba 2010. Ndani yake mna matukio 617 ya mauaji na uvunjaji mkubwa wa haki katika inchi yetu, kati ya 1993 na 2003. Mengi kati yake yalifanywa na watu waliojiita wakombozi au walinzi wa raia. Hadi leo karibu hakuna aliyehukumiwa kwa ajili ya matukio hayo.

Sura hii ina namna nyingine iliyo laini: mleta amani. Mwaka wa 2006 Joseph Kabila aliomba kura kama mtu aliyeunganisha inchi baada ya makubaliano ya Pretoria na Sun City. Katika awamu ya pili, tarehe 29 Oktoba 2006, alipata asilimia 58 inchini kote, na katika Kivu zote mbili alipita asilimia 90. Watu wa Mashariki hawakudanganyika ovyo. Walikuwa wameona njia zikifunguka na risasi zikipungua, wakampa mtu heshima ya kile walichokiona.

Lakini vita vya Nkunda vikafuata, na vijiji vikahamishwa tena. Mwaka wa 2011 kura za Kabila zilishuka sana katika majimbo hayo hayo. Tuukumbuke mfano huo, maana ni wa kwetu. Raia wa Kivu waliweka sura upande mmoja na matokeo upande mwingine, wakalinganisha. Anayesema kwamba Mkongomani hupiga kura kwa macho tu hajaangalia hesabu za 2006 na za 2011.

Kisha ikaja 2023. Félix Tshisekedi, ambaye wafuasi wake wanamwita « Fatshi Béton », alimaliza kampeni Kinshasa mwezi wa Desemba kwa kusema kwamba, kukitokea uchokozi hata mdogo, ataliomba bunge ruhusa ya kutangaza vita dhidi ya Rwanda. Umati ukapiga kelele za furaha. Alitangazwa mshindi kwa asilimia 73. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu.

Vita hivi vina sababu nyingi, na msaada wa jeshi la Rwanda kwa M23 umeandikwa mara kadhaa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Siweki mzigo wote juu ya hotuba moja. Nasema hivi: wakati ule tulipaswa kuuliza kama mshahara wa askari wa mstari wa mbele unamfikia, nani anatoa amri, na mgonjwa wa vita anatibiwa wapi. Maswali hayo yalikosa nafasi, kwani neno « saruji » lilikuwa limekwisha kuyajibu yote.

Upande wa pili nako, swali ni lile lile. Corneille Nangaa, aliyeizindua AFC huko Nairobi mwezi wa Desemba 2023, ndiye aliyekuwa raisi wa CENI na kutangaza matokeo ya uchaguzi wa 2018. Alikuwa mwamuzi wa mchezo, leo ni kiongozi wa watu wenye silaha wanaosema wanatukomboa. Ukikubali kumwona kama mkombozi tu, hutamuuliza tena alifanya nini alipokuwa ameshika makaratasi ya kura zetu.

Mgeni hasikilizwi

Sura ya tatu ni tofauti na zile mbili, kwani mtu hajivishi mwenyewe: anavishwa na wapinzani wake. Ni ya hatari kupita zote. Baba na mkombozi wanakataza swali moja moja, lakini sura ya mgeni inakataza mtu kusikilizwa kabisa.

Tuanze na Lumumba. Baada ya hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960 mbele ya mfalme Baudouin, sura yake huko Brussels na Washington ilichorwa haraka: mkomunisti, mtu wa hasira, mtu wa Moscow. Mwenyewe alikanusha kuwa mkomunisti, lakini picha ilikuwa imekwisha kukauka. Mwezi wa Agosti 1960 mkuu wa CIA, Allen Dulles, aliwaandikia watu wake kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga, pamoja na Mpolo na Okito. Miaka 40 baadaye, tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba inchi hiyo ilikuwa na wajibu wa kimaadili katika kifo hicho. Ukishamchora mtu kama shetani, kumuua kunaonekana kama kufanya usafi.

Watu wa kwetu walijibu kwa picha yao. Katika miaka ya 1970, huko Katanga, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Kongo juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Lumumba wake amelala chini amekufa, na nyuma yake misalaba mitatu, kama Kalvari. Picha za namna hiyo zilining'inia sebuleni mwa wafanyakazi wa migodi. Zilimrudishia marehemu ubinadamu ambao maneno ya wengine yalikuwa yamemnyang'anya.

Hata hivyo, picha ya mtakatifu nayo ina swali lake lililokatazwa. Mwezi wa Agosti 1960 jeshi la serikali ya Lumumba liliua raia wengi katika eneo la Bakwanga, huko Kasai. Kumpenda Lumumba hakutuzuii kulisema. Wale waliokufa Kasai walikuwa Wakongomani sawa naye.

Baada ya Lumumba, tulijifunza kutumia silaha ile ile sisi wenyewe. Agosti 1998, Kinshasa, watu walichomwa barabarani kwa sababu ya umbo la pua na urefu wa mwili. Maneno ya viongozi yalikuwa yametangulia moto. Ubelgiji ilitoa waranti dhidi ya Abdoulaye Yerodia kwa ajili ya hotuba za mwezi ule, lakini mwaka wa 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Ubelgiji kuifuta kwa sababu, ilipotolewa, alikuwa waziri mwenye kinga. Mwaka wa 2006 Jean-Pierre Bemba alijionyesha kama mtoto halisi wa inchi, mwana mboka, na kila mtu alielewa ni nani anayesemwa kuwa si wa hapa. Mwezi wa Agosti mwaka huo, walinzi wa wagombea hao wawili walipigana kwa bunduki katikati ya Kinshasa.

Tangu 2021 zamu ni ya Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgiriki. Pendekezo la sheria linalotokana na mawazo ya Noël Tshiani lingetaka raisi awe mtoto wa baba na mama Wakongomani, ingawa Katiba, katika kifungu cha 72, inadai tu awe Mkongomani wa asili. Katika kampeni ya 2023 maneno « mgombea wa wageni » yalisikika kila siku. Mtu anaweza kuwa na sababu nyingi za kumkataa Katumbi: namna alivyoongoza Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, biashara zake, programu yake. Sababu hizo zingetusaidia kujadiliana. Neno « mgeni » lilifunga mjadala kabla haujaanza.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulikataa neno hilo. Mtu wa Mashariki aliyeishi Kinshasa wakati wa vita anajua maana ya kufungua kinywa ndani ya basi na watu wakageuka kumwangalia. Mtu wa Minembwe anajua zaidi. Jana neno hilo lilimpiga Kabila, leo linampiga Katumbi, na kesho litampiga yule anayelitumia leo.

Je, tabia ya mtu haina maana?

Kuna watakaoniuliza: basi tusiangalie tabia, tusome programu tu? Hapana. Programu bila mtu wa kuaminika ni karatasi. Mwaka wa 2006 tulipewa « Viwanja Vitano » vya ujenzi: miundombinu, kazi, shule, maji na umeme, afya. Hakuna aliyeweza kusema orodha hiyo ni mbaya.

Tabia ina maana, lakini ni kitu tofauti na sura. Sura inatengenezwa kwa wiki chache na mpiga picha mzuri, msanii wa kulipwa na kikundi cha vijana wa mitandaoni. Tabia inaonekana kwa miaka, katika mambo ambayo mtu aliyafanya wakati yalikuwa yanamgharimu.

Angalia daktari Denis Mukwege. Hospitali ya Panzi imetibu wanawake tangu 1999. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja mwaka wa 2018. Hata wasiokubaliana na mawazo yake hawawezi kusema kazi ile ni ya kamera. Lakini alipogombea uraisi mwaka wa 2023 alipata chini ya asilimia 1. Aliingia chini ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi, bila chama chenye mizizi katika majimbo. Mtu mwenye kazi kubwa ya kweli alishindwa vibaya na watu wenye mabango makubwa.

Wengine wanachukua somo kwamba wema haushindi. Mimi naona somo lingine. Kazi njema haijitangazi yenyewe. Inahitaji watu wa kuisimulia kijiji kwa kijiji, chama cha kuibeba, na muda. Wasema kweli wakidharau kazi ya kujionyesha, uwanja unabaki kwa wasio na kitu cha kuonyesha isipokuwa uso wao.

Mpe adui yako kalamu hiyo

Kwa nini nasema haya sasa? Kwa sababu mjadala mkubwa umekwisha kufunguliwa. Mwezi wa Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Raisi Tshisekedi alisema anataka Katiba ibadilishwe. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya raisi. Sikiliza jinsi jambo hilo linavyozungumzwa mbele ya maligablo na ndani ya simu zetu: anayempenda raisi anasema ndiyo, anayemchukia anasema hapana. Tumerudi kwenye uso wa mtu.

Lakini Katiba haimwandikii mtu mmoja. Kila mamlaka tunayoongezea kiti kile itarithiwa na atakayekuja, awe tunampenda au hapana. Basi kabla ya kusema ndiyo au hapana, fanya jaribio moja: chukua mamlaka hayo mapya, umpe katika mawazo yako mwanasiasa unayemwogopa kupita wote. Kama bado unaona ni sheria nzuri, iunge mkono. Kama unatetemeka, basi ulichokuwa unaunga mkono ni sura.

Kwa wagombea wote watakaokuja, wa uraisi, wa ubunge, hata wa baraza la mji, maswali matatu yanatosha. Akija kama baba, muulize hesabu ya makuta aliyoshika mara ya mwisho. Akija kama mkombozi, muulize nani alikufa, na tutamwondoa namna gani bila bunduki. Akikuambia mpinzani wake ni mgeni, mwambie: sawa, nimesikia ametoka wapi, sasa niambie kosa la mawazo yake liko wapi.

Tuyaulize kwa heshima, kwani sisi si watu wa matusi. Lakini tuyaulize kabla ya kupokea chumvi. Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msimu wa kujitembeza utarudi, na tutawaona wengi njiani.